Maji Niliyochemsha Miaka Sita

Siku Kwamboka alipofariki, maji ya nyumba yetu yalibadilika ladha.

Najua inavyosikika. Nisikilizeni kwanza.

Ilikuwa Jumanne ya Februari. Mke wangu alitoka mapema kuliko kawaida, kabla sijaenda kuoga, akaenda kazini, na moyo wake ukasimama huko huko. Kufikia jioni nyumba yetu ya St. James Town, Toronto, orofa ya kumi na nne, ilikuwa imejaa watu wa kanisa.

Binti yetu Melissa, miaka minane, akanywa maji ya jagi, akakunja uso. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba hayo si maji ya Mama.

Nikadhani ni majonzi.

Mimi nilikulia karibu na Nakuru. Maji ya kisima, floraidi tele, madini ambayo yakizidi hubadilisha meno rangi. Meno yangu ni ya kahawia kama chai ya rangi. Kwenye picha za harusi nimefunga mdomo kama mtu aliyeiba nyama.

Basi niliposikia Toronto wanaongeza floraidi kwenye maji kwa makusudi, eti meno yasioze, nilichemka kabla ya maji. Mtoto wangu hatacheka akiziba mdomo.

Nikaanza kuchemsha. Kila asubuhi, sufuria kubwa, saa nzima, mpaka theluthi iishe kwa mvuke. Kwetu, maji yakikutisha unayachemsha.

Kanisani, North York, nilisimama kuwaonya watu. Shemeji yangu Nyakundi akanikatiza.

"Kiptoo, keti. Ushahidi tumeuona ulipofungua mdomo."

Kwamboka alikuwa nesi, na alinibishia mara moja tu. Nikamwambia, wewe wa Kisii na meno yako meupe utajua nini? Akachukua jagi, akaliosha.

Nikajua nimeshinda.

Wiki moja baada ya mazishi, Melissa bado alikuwa anakataa jagi. Nikamuuliza, maji ya Mama yalikuwaje?

Akachukua sufuria yangu, akamwaga yote kwenye sinki. Akafungua mfereji, akajaza jagi.

"Mama alifanya hivi kila siku, ukienda kuoga," akasema. Kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza. "Mama alisema nisikuambie. Utaona aibu."

Nilimuuliza daktari wa meno. Alijitahidi asicheke. Floraidi ya hapa ni kidogo, ya kwetu ndiyo ilizidi. Na ukichemsha, maji ndiyo huondoka, floraidi hubaki.

Miaka sita nilikuwa najaribu kumpikia mtoto wangu meno ya Nakuru.

Kama kuna mtu nyumbani kwako ameacha kukubishia, usishangilie. Kaangalie jagi.

Siku hizi najaza kwenye mfereji. Sufuria ile napikia ugali. Wa watu wawili haufiki hata nusu.