Nilishangilia Kabla Mpira Haujarushwa

Nimekosa, ndugu zangu, wala sina utetezi. Nichekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi maabara ya hospitali moja hapa Riyadh. Nimesoma, na elimu imeniachia ugonjwa: siamini kitu mpaka nikione. Nilimposa Zuhura, nesi wa Jeddah. Baba yake alishafariki, kwa hiyo walii wake wa ndoa ni kaka yake, Salim. Na Salim, jamani, alisoma Marekani akarudi na wazimu wa mpira wa kule, ule wa kuvaa helmeti na kugongana!

Fainali yake, kwa saa za huku, huchezwa alfajiri ya Jumatatu, siku ya kazi. Basi Salim na wenzake huapa kutotazama matokeo mpaka Ijumaa. Baada ya sala hukusanyika kwake, mtaa wa Ruwais huko Jeddah, wakala pilau, kila mtu akatabiri, ndipo wanatazama marudio.

"Njoo," akaniambia kwenye simu. "Nikuone u mtu gani, kisha nikupe jibu la posa."

Nikajiuliza: watu wazima, wenye simu, wasichungulie wiki nzima? Nani kathibitisha? Waongo wote! Jumatatu ile ile nikatazama mechi yote. Tena nikairudia!

Ijumaa nikatua Jeddah. Nikatabiri mshindi, nikatabiri hata tofauti ya pointi, na mechi ikawa inaelekea huko huko.

"Mashaallah, shemeji ana jicho!" Salim akanipiga begani. Nikavimba kama andazi.

Lo! Robo ya mwisho, mrushaji bado kaukumbatia mpira, mimi nishasimama juu ya zulia: "Wamemnyang'anya! Wamemnyang'anya!"

Wote wakanigeukia.

Kisha mpira ukarushwa. Beki wa timu pinzani akaudaka.

Salim akazima televisheni. "Bwana we, wanangu wamekaa bila katuni wiki hii kwa ajili ya mchezo huu. Hata ujumbe wa simu nasomewa na mke wangu, nisije nikayaona matokeo. Kumbe wewe ulishajua?"

"Nilidhani na nyinyi mmechungulia."

Jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa maishani!

Zuhura alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Analia? Anacheka? Sijui mpaka leo.

"Halas, yameisha," akasema Salim. "Jibu la posa lipo. Zuhura analijua, mke wangu analijua, na hawa wenzangu nawaambia leo hii. Wewe utaambiwa baada ya fainali ya mwakani."

Nimembembeleza Zuhura kwenye simu hadi sauti imekauka. "Kwani una haraka gani?" ananiuliza, anakata.

Vijana wenzangu mnaohoji kila kitu, hojini. Ila msidhani kila mtu ni mwongo kwa sababu nyinyi mmedanganya. Na mkialikwa kutabiri, tabirini ovyo kama wenzenu!

Jana alikuja Mswahili mmoja kutoka Jeddah kupima damu. Alipolisikia jina langu, akatabasamu. Hata yeye analijua jibu!