Vigelegele vya Siku ya Kliniki

Miaka yote niliyokaa kwenye zahanati hii ya kijiji, kazi yangu imekuwa kuomba watoto wanenepe. Siku ya kliniki, uzito wa mtoto ukipanda, kina mama kwenye benchi humpigia mwenzao vigelegele, na mara nyingi mimi ndiye ninayeanza. Kumpunguza mtoto sikufundishwa.

Binti mmoja alikuja peke yake, yuko kidato cha kwanza, sare imefumuliwa ubavuni ikaongezwa kitambaa. Magoti yalimuuma. Shuleni walimwita lori la mgodini. Nilimpima sukari, nikakuta imeanza kupanda. Nikamwambia wazi kwamba asipopungua, ugonjwa wa sukari utamkuta bado yuko darasani. Aache soda na maandazi, ugali apunguze, bodaboda aziache zimpite.

Akashika. Kila mwezi alikuja, akavua viatu kabla ya kupanda mizani ili visimwongezee, na kilo zikawa zinashuka. Nilimsubiri kuliko ninavyosubiri mshahara.

Halafu akapotea. Aliporudi ilikuwa siku ya kliniki, ameongozana na bibi yake anayemlea, bibi anacheka mpaka ufizi.

"Nesi, huyu alianza kunikondea," akasema. "Majirani wananiuliza, mjukuu wako anaumwa nini? Ama ng'ombe wako wamekauka maziwa? Nikaona aibu mimi. Nikamnunulia vidonge vya hamu ya kula pale duka la dawa. Sasa mpime uone."

Binti hakuvua viatu. Alipanda akiangalia ukuta, na mshale ukapita pale tulipoanzia.

Nilitaka kufoka, nikakosa hata nguvu ya kufoka. Bibi wa watu alikuwa amempenda mjukuu kwa sufuria, kama anavyopendwa kila mtoto hapa. Nikamweleza habari za sukari kwa Kikurya changu kibovu, nikamwomba vidonge vile aache. Akaitikia kila neno kwa heshima, na nikaona kabisa kwamba haniamini. Nimeuona uso ule mara nyingi mno.

Mama mmoja kwenye benchi akauliza kama uzito umepanda.

"Umepanda!" bibi akajibu.

Vigelegele vikalipuka, benchi zima, kama nilivyowazoesha. Binti alikuwa bado juu ya mizani. Akaniinamia sikioni.

"Nesi, waambie wanyamaze."