Mtani wa Babu kutoka Kisarawe

Darasani nikiulizwa swali, hata kama jibu ninalo, sauti inakauka kooni. Kwa hiyo wenzangu wa kidato cha tatu wanashangaa wakisikia kwamba mimi ndiye ninayeendesha ukurasa wa sauti mtandaoni. Hawajui kwamba humo sisemi hata neno moja. Napokea sauti za watu, napunguza kelele, naziandikia kichwa, nazipandisha. Kuna mtu wa Sikonge anatuma kwaya ya kanisani kwao. Kuna mama alieleza anavyokausha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, huku kuku wake wakimwingilia. Bando naomba kwa mama, wasikilizaji ni wachache, na mimi nilikuwa nimeridhika hivyo hivyo.

Aliyeuchangamsha ukurasa ni babu, mzazi wa mama, ambaye tunaishi kwake hapa Tabora mjini. Babu ni fundi baiskeli, na mikono yake haikuwa inafanya kazi bila mdomo kufanya kazi pia. Siku moja nilimrekodi akisimulia jinsi wazee wake walivyobeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani. Alipofika nchi ya Wazaramo akapandisha sauti: "Hapo ndipo tulipowakuta watani zetu wamelala chali, wanasubiri nazi idondoke. Mpaka leo haijadondoka!"

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana na wewe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa.

Niliipandisha, na kesho yake nikapokea sauti ya mzee mmoja wa Kisarawe, Mzaramo. "We Mnyamwezi! We mpagazi! Ulifika kwetu ulimi nje, nani alikupa maji? Ukanywa, ukaondoka na kata yangu ya kunywea. Irudishe!"

Babu alicheka mpaka akakaa chini, spana mkononi. "Amenipata! Washa hicho kidude, mke wangu." Hivyo ndivyo anavyoniita, kama mababu wengine, na bibi naye ananiita mke mwenza.

Ikawa ndiyo desturi yao. Hawajawahi kuonana, lakini kila wiki walitukanana kupitia kwangu, na watu wakawa wanaingia kusikiliza nani kashinda.

Masika yaliyopita babu alianguka akiwa ananawa uso. Akalazwa hospitali ya Kitete. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umevutwa upande mmoja, na maneno yalitoka vipande vipande. Daktari alituambia aongee kila siku, hata kama anakosea, vinginevyo ulimi utazoea kulala. Babu akakataa. Akitaka maji ananyoosha kidole. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa.

Na sisi tukawa tunamsemesha taratibu kama mtoto mchanga. "Pole baba, usijichoshe," mama alikuwa akisema. Hata bibi, ambaye maisha yao yote ni kurushiana vijembe, akaanza kuongea naye kwa sauti ya kanisani. Wateja wakipita wanasema, "Pole mzee, pole sana," wanapeleka baiskeli zao kwingine. Nilimwona anazidi kunyamaza.

Huko Kisarawe, mzee hana habari. "Yuko wapi mpagazi? Ametua mzigo akakimbia?" Sikuweza kumsikilizisha babu maneno yale. Nikamwandikia mzee kwamba babu ana kiharusi, nikamwomba aache utani, amtakie heri tu.

Alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya upole. "Mzee mwenzangu, nimesikia habari zako, nimeumia sana. Mungu akupe nafuu. Kama kuna neno langu lililokukwaza, unisamehe."

Mimi niliona ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kupokea. Nikamwekea babu nikiwa nimefurahi. Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, akageukia ukutani, na mchana ule hata uji hakuugusa.

Bibi akanifuata jikoni. "Umemwekea nini?"

Nikamweleza. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mke mwenza, umemchinja mzee."

"Bibi, mimi nilitaka apate faraja."

"Mtani anakuomba msamaha? Maana yake wewe umeshakwisha. Hata kufa kwenyewe mtani hasemi pole. Anakuja msibani, anajilaza kwenye kitanda cha marehemu, anadai apikiwe nyama." Akakoroga majivu kwa kijiti. "Na sisi humu ndani tunamfanyia hayo hayo. Tumeshamzika."

Nilijua cha kufanya, ila sikujua nitakifanyaje. Nilianza kuandika ujumbe nikafuta. Kumwomba mtu amtukane mgonjwa, ukiandika hivyo unaonekana umerukwa na akili. Ikabidi nipige simu. Nilizunguka nyuma ya choo, nikapiga kabla moyo haujabadilika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mjukuu wa mpagazi."

"Ehee! Anaendeleaje?"

"Vibaya, babu. Naomba umtukane."

"Nimfanyeje?"

"Umtukane. Kama zamani. Usimwonee huruma." Nilisema haraka haraka, nisije nikakata simu. "Daktari anataka aongee, na hapa kwetu haongei na mtu."

Akavuta pumzi. "Mjukuu wangu, mtu kapooza, nimtukane? Akifa si nitaambiwa mimi ndiye niliyemmaliza?"

"Akifa utakuja ulale kitandani kwake, tukupikie nyama."

Sijui ujasiri wa kurudia maneno ya bibi niliutoa wapi. Nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akaangua kicheko kikubwa, nikaondoa simu sikioni. "Loo! Kumbe Mnyamwezi kazaa Mnyamwezi! Haya, ngoja."

Alasiri sauti ikaingia. Nilimwita bibi, nikaiweka karibu na babu.

"We mpagazi! Nasikia mdomo umepinda. Mie nilijua tu, uongo ule ungekupinda siku moja. Sasa kaa kimya hivyo hivyo, tupumzike. Ile kata nimekuachia, maana naona hata kuinywea huwezi."

Bibi alishika mdomo. Mimi niliogopa hata kumtazama babu. Nilipomtazama, pua zilikuwa zimetanuka, na mkono wa kushoto unaniita. Alikuwa anataka simu.

Nikawasha kurekodi.

Alianza, akakwama. Akaanza tena. Bibi akataka kumsaidia neno, nikamshika mkono.

"Mza... Mzaramo," babu akasema. Tukangoja. Nje kengele ya baiskeli ilipita, ikaisha. "Leo... ume... amka... mapema."

Ilikuwa saa kumi alasiri.

Nilitaka kukata ule ukimya katikati, kama ninavyofanya kwa sauti zote. Babu aliona kidole changu kinavyosogea. "Acha," akasema. Neno lilitoka zima. Nikaipandisha kama ilivyo, pamoja na pumzi zake na kengele ile.

Jibu lilikuja chai ikiwa bado mezani. "Nilidhani mtandao umekata, kumbe Mnyamwezi anatafuta neno! Tafuta baba, tafuta taratibu. Mie nakoka moto, nipike, nile, nitakukuta bado."

Babu akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja, na mate yakamdondokea bibi mkononi. Bibi akamfuta kwa pindo la kitenge, nikasikia ile sauti ya kanisani imemwisha kabisa: "Ona mwanamume huyu! Kitenge nimekivaa leo mara ya kwanza, tayari kashakinywesha!"

Babu akageuka kumtazama. Mdomo ukaanza kuhangaika, jicho linacheka, jibu lipo lakini bado liko mbali. Mama alitokea mlangoni akafungua kinywa kusema pole. Bibi akamnyamazisha kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Leo atanijibu."

Nikasogeza simu karibu, tukamngoja.