Radi Iliyotafutiwa Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto pale Milanzi, Sumbawanga, mvua ilikuwa ya Mungu lakini radi ilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha jambo hilo. Tulilikuta nyumbani kama tulivyoikuta baridi ya mwezi wa sita. Ngurumo ikianza kusikika, Bibi, mama yake baba yangu, alikuwa akifunika kioo kwa kanga, anatuvua chochote chekundu na kutukataza kusimama mlangoni. Akishaona tumetulia, alitueleza kwamba radi ya Mungu hupiga mti na kupita zake. Inayoingia ndani ya nyumba ya mtu ni ya kutumwa.

Siku hizi nafundisha fasihi simulizi chuoni. Wenzangu wakisikia natoka Sumbawanga huniomba kwa utani nisiwapige radi, nami hucheka nao. Wanafunzi wangu hubishana kama jina la mji wetu kweli lilitokana na kuambiwa watu watupe uchawi, au maelezo hayo yalitungwa baadaye kulifuata jina. Nawaacha wabishane. Lakini kipo kisa kimoja ambacho wakikirudisha kutoka uwandani nashindwa kukisikiliza kama mwalimu. Mtu amekosana na jirani yake. Anakwenda kwa mganga, anawekewa beseni la maji, anaambiwa atazame mpaka aione sura ya adui yake, halafu anapewa sindano achome. Akichoma, radi inashuka huko aliko adui. Nimesikia matoleo mengi ya kisa hicho. Penye sindano wengine huweka mkuki, penye beseni huweka chungu. Tunafundisha kwamba motifu ya namna hiyo husafiri, inatua mahali, inavaa majina ya watu wa hapo. Nakubali kwamba husafiri. Mwaka ule ilitua kwetu, ikavaa jina la mama yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi ilipoanza kuruhusiwa. Zamani mahindi ya kwetu Ufipa yalinunuliwa na ushirika. Ulivuna, ukapeleka kituoni, ukangoja lori. Sasa lori la ushirika lilikuwa likichelewa, halafu likawa haliji kabisa, na mahindi yakabaki yamerundikwa nje chini ya maturubai huku watu wakitazama barabara. Mbolea nayo ilikuwa imepanda, haishikiki. Wakati huohuo wakaanza kuja wanunuzi binafsi kutoka Mbeya na Tunduma, watu tusiowajua, wenye malori yao na mizani yao. Wengi waliwaogopa. Mama yangu, ambaye baba alikuwa amemwacha mjane na mimi mtoto wake mmoja, hakuwa na muda wa kuogopa. Aliwauzia, na kabla mvua hazijaanza nyumba yetu ikawa na bati. Kwenye mtaa wetu ilikuwa ya kwanza.

Jirani zetu wa karibu walikuwa Mama Oliva na mumewe. Oliva, binti yao mkubwa, ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulichota maji pamoja, tukakaa dawati moja. Siku moja mimi na yeye tulikuwa tumekaa uani kwao tukipukuchua mahindi, na mama zetu wamesimama karibu nasi. Mama alikuwa akimsihi mwenzake wauze angalau nusu. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye ilinibidi niyarudie mbele za watu.

"Mama Oliva, mkiendelea kulingoja hilo lori la ushirika, mvua itawakuta na mahindi nje. Mtakuja kuona wenyewe."

Mama Oliva alijibu kwamba yeye anaelewa, ila mwenye nyumba, mumewe, hataki kusikia habari za wafanyabiashara. Hawakugombana. Tulipoondoka alitufungia majani ya maboga ya mchana ule.

Mvua zilianza kwa nguvu. Turubai lao likapasuka, mahindi yakalowa, mengine yakaanza kuchipua yangali kwenye rundo. Baba Oliva akawa hasemi na mtu. Kisha, mchana mmoja ambao mawingu yalishuka mpaka juu ya mapaa, tulisikia mlio ambao haukuwa kama ngurumo, ulikuwa kama kitu kimepasuka ndani ya kichwa changu. Bibi alinivuta chini. Mama alikimbia nje. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye jiko la akina Oliva, jiko la udongo lililoezekwa nyasi, na yeye ndiye aliyemtoa Oliva mle ndani akiwa amembeba mikononi, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Nilidhani Oliva amezirai. Nilimwita. Mama alinitazama na kutikisa kichwa, na mimi nikaendelea kuita.

Msibani ndipo swali lilipoulizwa. Sijui nani alilianza. Radi imepitaje juu ya bati, ikaenda kuchagua nyasi? Lilikuwa swali la watu wenye uchungu, na wala si la kijinga. Hata mimi nilijiuliza. Ila swali likishakaa kwenye matanga halikai peke yake. Kesho yake kisimani nilisikia kwamba Mama alikuwa amemwambia Mama Oliva, "Mtaona." Kwenye mashine ya kusaga maneno yalikuwa yamekua: "Mtauona moto." Ilipofika Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke mmoja ambaye hata hakai mtaa wetu alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi Mama alivyonyoosha kidole juu na kusema, "Mtauona moto ukiwashukia." Alieleza vizuri, akionyesha kwa mkono. Waliomsikiliza walishika vifua.

Leo ningeweza kuchora ubaoni safari ya sentensi ile, toleo kwa toleo. Ningeonyesha kwamba kila aliyeipokea alipunguza kisichofaa na kuongeza kilichokosekana, na kwamba mahindi yalitoka kwenye sentensi mapema kabisa kwa sababu hayakuwa na kazi tena. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba aliyeyasikia maneno yenyewe pamoja nami, na ambaye alikuwa bado hai, ni Mama Oliva.

Nilimwendea. Alikuwa amekaa chini, nje ya lile jiko, amejifunga kanga kiunoni, hafanyi chochote. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikamwambia watu wanasema uongo, na kwamba yeye alikuwepo.

"Nilikuwepo, Tekla," alisema. "Nilisikia."

Nikamwomba awaambie basi.

"Mwanangu amekufa ndani ya nyumba yangu. Nikiwaambia hivyo, watanipa nini mahali pake? Watasema Mungu kapenda? Siwezi, mama. Lazima awepo mtu aliyefanya."

Hakusema kwa ukali. Alinigusa shavuni, kama alivyozoea, akaniambia niende nyumbani.

Baada ya hapo wakaja kamchape. Hao walikuwa vijana waliokuwa wakizunguka vijijini, wakiitwa kuja kufichua wachawi na kuwanyang'anya dawa zao. Mwenyekiti wetu hakuwataka, nadhani, lakini watu walikuwa wamevuna mahindi yakaoza, wamezika mtoto, na hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa ameleta jibu lolote. Alikaa pembeni na kuwaacha. Walichimba chini ya ukuta wa nyumba yetu mchana kweupe, umati ukiangalia, na mkuu wao akainua pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Nyumba yenye Bibi ambaye hakuruhusu uzi mwekundu wakati wa mvua. Nilipiga kelele kwamba si yetu. Mtu mmoja akasema mtoto hujifunza kwa mama yake.

Walitupeleka kiwanja cha shule. Mama alikataa kwamba ndiye aliyeituma radi. Alikataa kwa sauti ya kawaida, akiwaeleza kuhusu lori na mahindi, akitaja siku na mahali walipokuwa wamesimama. Nami niliulizwa, nikayarudia maneno yake kama yalivyokuwa. Hayakumgusa mtu. Yalikuwa maneno madogo mno. Mtu hafi kwa ajili ya maneno kama hayo. Mama Oliva alikuwa amekaa mbele kabisa, anatazama ardhi.

Ndipo mkuu wa kamchape akasema kwamba uchawi wa namna hii hauishii kwa mama, huwa umesharithishwa binti. Akaagiza niletwe ninywe dawa yao. Sote tulikuwa na habari ya mtu wa kijiji cha pili aliyenyweshwa dawa ile na hakupona. Kijana mmoja akanishika bega. Mama alinitazama, kisha akautazama umati, mtu hadi mtu, kama anayetafuta uso mmoja wa kusimama naye. Bibi alikuwepo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwacheni mtoto," Mama alisema. "Nitasema."

Na akasema. Alianza chini chini, wakamwambia apaaze sauti, akapaaza. Alisema alikwenda kwa mganga bondeni. Alisema aliwekewa beseni la maji. Nilikuwa namsikiliza, na kisa kile nilikijua. Alikuwa amenisimulia yeye mwenyewe, jikoni, miaka iliyopita, akiniogofya kwa kunichezea. Sasa alikuwa akikisimulia kwa mara ya pili, na kila alipofika mahali umati ulipopajua, umati ulivuta pumzi. Aliwapa sindano. Aliwapa maji yaliyotikisika. Wazee walikuwa wakiitika kwa vichwa, maana ndivyo ilivyo, ndivyo wanavyofanya. Palikuwa na utulivu uwanjani ambao sijausikia tena popote.

Mkuu wa kamchape akamuuliza alimwona nani majini.

Hapo ndipo pekee Mama alipokwama. Niliona midomo yake ikitaka kulitaja jina la Oliva na ikishindwa.

"Nilimwona baba yake," alisema. "Mtoto sikumtaka."

Mama Oliva alitoa sauti ambayo tangu msiba haikuwa imemtoka. Wanawake wakamkumbatia, wote wakalia, na mimi nikalia, na ajabu ni kwamba Mama naye alilia, kwa kuwa alikuwa amempenda Oliva na hakuwa amepata nafasi ya kumlilia.

Walimnyoa nywele, wakamnywesha dawa yao, wakamwambia asionekane tena pale. Mabati yalikuwa yameshang'olewa tuliporudi kuchukua nguo. Bibi alinishika mkono hadi barabarani. Hakumwambia Mama kitu, wala Mama hakumwambia yeye. Bibi alikufa baadaye bila mimi kujua aliamini lipi. Aliyetubeba ni mnunuzi mmoja wa mahindi aliyekuwa akielekea Tunduma, akatupandisha juu ya magunia.

Mama aliishi mpakani miaka kadhaa, akiuza vitenge, akiugua tumbo ambalo halikupata kupona tangu siku ile. Hakunisimulia hadithi nyingine. Hata za sungura. Nikimwomba, alisema amesahau.

Nilipofika chuo kikuu nilifundishwa kwamba masimulizi yana dhima: yanafariji, yanaeleza kisichoelezeka, yanaifunga jamii pamoja. Niliandika hayo kwenye mtihani na nikapewa alama nzuri, na wakati naandika nilikuwa namwona Mama Oliva amekaa nje ya jiko. Alikuwa ameniambia nadharia ile yote kabla sijajua kwamba ni nadharia. Nilifundishwa pia kwamba kisa kinaweza kutoka mdomoni kikaingia mikononi, watu wakakitenda badala ya kukisimulia tu. Hapo nilitoka nje ya darasa. Na tulifundishwa juu ya fanani na hadhira, jinsi hadhira inavyomvuta msimulizi mpaka awape wanachokihitaji. Sijaona maelezo yaliyo sahihi zaidi ya yale yaliyotokea kiwanjani pale. Hakuna hata moja kati ya hayo lililonisaidia kulala.

Nimerudi Milanzi mara moja, Mama akiwa ameshafariki. Nilimkuta Mama Oliva mzee, mumewe hayupo, anaishi na mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, nikamtajia jina langu. Alilirudia jina lile polepole, akaniita mwanangu, akamtuma mjukuu alete chai. Tulizungumzia baridi na bei ya mbolea. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia jinsi Oliva alivyokufa. Alinisimulia mimi kama mtu angemsimulia mgeni: mganga wa bondeni, beseni, maji, sindano. Alisema "mama yako" pale ambapo wengine wangesema "mwanamke mmoja". Hakuwa na chuki. Nilimtazama machoni nikitafuta kama ndani yake bado kuna yule aliyeniambia kwamba alisikia, na sikumwona. Nadhani alikuwa ameshaondoka zamani. Kisa kilikuwa kimemwingia mpaka mwisho.

Ningeweza kumsahihisha. Lakini hana picha ya Oliva. Hatukuwa watu wa kupiga picha. Msalaba wa kaburini ulikuwa wa mti na ulishaoza. Kilichobaki ni hicho anachokisimulia, na kila anapokisimulia binti yake anatajwa kwa jina, anakuwa jikoni, anakuwa hai hadi radi inaposhuka. Ndani ya kisa hichohicho mama yangu ni mchawi, na ataendelea kuwa mchawi hapo Milanzi sisi sote tukishakufa. Nimetumia maisha yangu kusoma jinsi visa vinavyojengwa, na sijapata njia ya kumtoa mmoja humo bila kumzika mwingine upya.

Nilimaliza chai, nikamshukuru. Alitaka kujua kama Mama aliteseka alipokuwa anakufa. Nikamwambia aliteseka. Akasema "pole, mwanangu," na alimaanisha, nami nikaitikia, nikaenda kupanda basi.