Chupa Niliyoifukia Nyuma ya Zizi

Nimekosa mimi. Naanza na hilo ili msije mkanionea huruma mapema. Hospitali ilifanya kazi yake. Aliyeharibu ni mimi, mzee mzima mwenye mvi na heshima zake.

Jina sitaji. Kwetu ni upande wa Usagara. Shule niliishia darasa la pili, nikaenda Mabatini, kule mjini, kuponda kokoto kwa nyundo, mpaka nikapata machimbo yangu na malori yangu. Hospitali yetu ilipojengwa, mawe ya msingi yalitoka kwangu, bure. Nikawekwa kwenye kamati. Basi nikawa naingia pale kama naingia sebuleni kwangu.

Mke wangu, tumwite Mama Kulwa, aliota uvimbe kwenye titi. Mdogo, kama punje ya karanga. Hakungoja, alikwenda mwenyewe kupima. Daktari, kijana mpole, akamkata kinyama kidogo, akakitia kwenye chupa yenye maji ya dawa, akaniita.

"Shikamoo mzee. Hapa hatuna mtaalamu wa kusoma nyama. Tunaomba uipeleke maabara ya hospitali kubwa mjini, leo leo. Gari letu liko gereji."

"Marahaba. Hospitali niliyoijenga mimi inashindwa kusoma kipande cha nyama?"

"Mzee wetu, wewe ulituletea mawe. Wasomaji bado hawajaletwa."

Manesi wakacheka. Mimi sikucheka. Nilichukua ile chupa, nikaitia kwenye mfuko mweusi, nikaondoka na pikapu yangu nimenuna.

Nilipofika Nyegezi, kabla ya kuingia mjini, nikasimama karibu na stendi kununua maji. Hapo akanikuta mwenzangu wa zamani, tuliponda kokoto pamoja tukiwa vijana. Akaingiza kichwa dirishani.

"Bosi wa mawe! Mfuko gani huo umeukumbatia kama mtoto mchanga?"

"Dawa ya ng'ombe."

Akaufunua kabla sijamzuia. Akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Dawa gani hii inaelea kama kidole? Ndugu yangu, macho mekundu unayo, chupa unayo. Bado kibuyu tu uanze kuagua."

Alicheka mpaka akapiga mlango wa gari. Utani tu wa watu wa rika moja. Lakini mimi niliufunga ule mfuko haraka, nikapandisha kioo.

Mnajua wenyewe huku kwetu. Mzee mwenye macho mekundu akishaitwa mchawi, jina hilo halifutiki. Macho yangu ni mekundu kwa vumbi la mawe, lakini siku hiyo nani angeuliza vumbi? Nikajiona nimesimamishwa na trafiki, mfuko unafunguliwa, ndani kuna nyama ya mtu, watu wanajaa. Nani angenisikiliza habari za maabara, mimi ambaye hata karatasi niliyopewa na daktari siwezi kuisoma mpaka mwisho?

Nikageuza gari.

Sikuitupa. Nyama ya mke wangu siwezi kuitupa kama utumbo wa sato. Niliifukia nyuma ya zizi pamoja na chupa yake, pale tulipofukia vitovu vya watoto wetu. Nikajiambia hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mama Kulwa alikuwa jikoni.

"Wamesemaje, baba?"

"Safi. Uvimbe wa kawaida tu."

Alikaa chini palepale kwenye majivu, akalia kwa furaha. Kisha akachinja kuku. Nikamla yule kuku, tena paja.

Nesi wa hospitali alipiga simu kuuliza majibu. Akapiga tena wiki iliyofuata. Akapiga tena. Namba ilikuwa yangu, maana mke wangu hana simu. Nikamwambia tumehamia kutibiwa mjini, asinisumbue. Watu waliponiuliza kwenye kamati, nikasema hospitali yetu inatisha watu bure kwa vitu vidogo.

Mbwa wangu akaanza kwenda kuparua pale nyuma ya zizi. Nikamfukuza. Akarudi. Nikaweka jiwe juu.

Vuli ilipita. Siku moja nikamwona Mama Kulwa anateka maji kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umevimba. Baadaye ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, na kikatoka kidonda kisichokauka. Usiku nilikuwa nageukia ukutani kwa ile harufu. Alipojikuna alisema, "Bahati majibu yalikuwa mazuri, ningeogopa sana." Na mimi nikaitikia, ndiyo, bahati.

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na kila nafasi ya kusema. Nikaona aibu kuliko kifo, na kifo chenyewe hakikuwa changu.

Binti yetu alikuja masika kututembelea. Alipomfungua mama yake nguo amwogeshe, alitoka nje akatapika. Alimpakia kwenye gari, tukaenda kwa yule yule daktari kijana. Alimpima mgonjwa, kisha akanigeukia.

"Mzee, majibu ya kile kinyama yako wapi?"

"Yako nyumbani."

Nikarudi nyumbani. Nikaondoa jiwe, nikachimba kwa jembe, nikamalizia kwa mikono. Chupa ilikuwa nzima. Jina la mke wangu lilikuwa bado linaonekana. Nikaipeleka mjini moja kwa moja, nikapita Nyegezi, hakuna aliyenisimamisha. Maabara walikuwa na chupa kama hiyo meza nzima, zimeletwa na watu wa kila aina, akina mama, vijana, wazee wenye macho mekundu kunizidi.

Ilisomeka. Hilo ndilo linaloniua. Chini ya udongo muda wote ule, na bado ilisomeka. Saratani.

Daktari alinifungia mlango ofisini kwake nikamweleza yote. Hakunitukana.

"Wakati ule tungetoa titi, tukaongeza dawa, na nafasi ilikuwa kubwa," alisema. "Sasa imefika kwenye mapafu. Atapewa dripu mjini, tutampunguzia maumivu, lakini sitakudanganya."

Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe, mzee. Yule ni mgonjwa wangu, akija kliniki akiniuliza, sitamficha."

Bado sijamwambia. Nywele zimemtoka kwa zile dripu, amejifunga kitenge kichwani. Wageni wakija kumjulia hali anawaambia mume wake alihangaika mpaka mjini kutafuta majibu, ila wale wa maabara ndio walikosea kusoma. Ndugu zake wamekasirika, wanataka kwenda kuwashitaki. Na mimi nakaa pembeni nawakaribisha chai.

Ninyi mnaosoma, mkipewa chupa, ipelekeni. Ikiwa mnaogopa macho ya watu, mwombeni nesi barua, ombeni hata mtu wa kuwasindikiza. Na hospitali ya kwenu ikiwapigia simu, pokeeni. Mimi niliidharau kwa kuwa haina mashine, kumbe ilikuwa na watu wanaomkumbuka mke wangu kuliko mimi.

Shimo nyuma ya zizi sijalifukia. Jana aliliona akiwa amekaa barazani.

"Unachimba nini pale, Baba Kulwa?"

"Nataka kupanda mti."

"Panda wenye kivuli. Nitakuwa nakaa pale."

Kliniki ni Jumatatu. Nimeanza kusema kwenu kwa sababu ninyi hamnijui. Yeye ananijua, na bado ananiamini.