Mkwe Alikuja Bomani na Kibuyu

Kwetu ni kando ya Ziwa. Kutoka huko hadi Mombasa tulisafiri kwa gari la moshi, juu ya behewa la mizigo, makurutu wa makabila mbalimbali tusioelewana lugha. Vumbi jekundu la nyika likatupaka sote hata tukafanana. Sajini aliyekuja kutupokea stesheni alitutazama akasema yeye aliomba watu, serikali imemletea matofali.

Baada ya miezi ya kwata, baadhi yetu tulipelekwa Malindi kwa miguu, bila viatu, juu ya mchanga uliounguza tangu asubuhi. Tulipofika hori ya Kilifi, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, kungojea mashua ya kutuvusha, niliinama nikachota maji nikayanywa, kwa sababu kwetu maji mapana kama yale ni ya kunywa. Wavushaji walicheka hata wakaacha makasia. Mmoja aliniuliza kama huko bara mama zetu hupika bila chumvi, ndiyo maana nimeifuata baharini.

Sajini hakucheka. Alikuwa Mnubi, mtu mzima aliyezeekea kazini, na njia nzima alikuwa akitueleza jinsi polisi wa nchi wanavyopangwa. Amri hushuka ngazi kwa ngazi: bwana afisa humwambia sajini, sajini humwambia koplo, na askari haulizi. Kofia na kaptula ni mali ya serikali, na mtu aliyemo ndani pia. Lakini kanuni aliyoirudia kuliko zote ni kwamba askari lazima awe mgeni pale anapofanya kazi. Watu wa pwani wapelekwe bara, wa bara waletwe pwani, na yeyote akizoeleka ahamishwe. Akatupa mfano wa askari aliyeoa karibu na kituo chake. Shemeji yake alikuwa mwizi wa mbuzi, na kwa muda mrefu hakuna kesi ya mbuzi iliyofika mahakamani.

"Polisi ni mgeni," alisema. "Akishapata nyumba ya kula bila kualikwa, huyo amekwisha."

Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimetoka nyumbani kwa kupenda tu kutembea. Niliona kanuni ile imetungwa kwa ajili yangu.

Malindi nilipewa doria ya upande wa bara, katika mashamba ya Wagiriama kuelekea mto Sabaki. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa shule ya misheni miaka mingi kuliko wenzangu, bwana afisa aliniamuru nijifunze lugha yao ili nitafsiri kesi. Nikatii. Siku moja ya jua kali niliingia ua mmoja nikamwambia msichana aliyekuwa akitwanga, "Lete maji." Kiswahili changu kilikuwa bado cha bara, kikavu. Hakuacha mchi.

"Askari," alisema bila kuinua uso, "hata maji unayakamata? Kwenu hakuna aliyekufundisha kuomba?"

Nikaomba, akanipa. Tangu siku hiyo doria zangu zote zilipita ua ule, hata zile ambazo njia zake zilikuwa kwingine. Alinifundisha lugha yao kwa kunicheka. Nikikosea neno, aliwaita wanawake wenzake waje walisikie.

Kuoa kulihitaji ruhusa ya afisa. Mke asiyeruhusiwa hakuhesabiwa: hakukaa kambini, na mume akihamishwa, mke hakusafirishwa. Nami kuomba ruhusa ya kuoa ndani ya doria yangu kulikuwa sawa na kuomba uhamisho. Nilimwendea sajini kwa ushauri. Alisema masikio yake siku hizi ni mabovu, hakunisikia, na kama nina akili sitalirudia neno lile mbele ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nilioa kimya. Tembo la posa, ile pombe ya mnazi, nililipeleka mwenyewe, jambo ambalo kwao ni aibu, kwani kijana huja na wazee wake. Baba wa msichana aliniuliza wazee wangu ni akina nani. Nikamwambia wako Ziwani, mbali. Alisikitika, akasema mtu hawezi kuwa na mkwe aliyeanguka kutoka mawinguni, lakini akamruhusu binti yake, na akanikubalia mke wangu akae pale kwao mpaka nipate mahali.

Nikifika, mke wangu alinivua kofia nyekundu akaitundika kwenye mti wa ua, nje. Alisema yule mwenye kofia hamjui, asiingie. Kisha tulikula sima na mchicha, na mzee akanisimulia mipaka ya mashamba na ugomvi wa majirani. Mimi niliyependa kutembea nilianza kuchukia njia ya kurudi kambini. Nimekaa katika miji mingi baada ya hapo. Popote ninaponing'iniza kofia, mkono wangu huutafuta kwanza ule mti.

Mzee lakini hakutulia kuhusu wazee wangu. Siku ya baraza, mimi nikiwa zamu ukumbini mwa boma, nilimwona akipanda ngazi amevaa nguo yake njema, kibuyu cha tembo mkono mmoja na jogoo mweupe mkono wa pili. Alinipita bila kunisalimu, akiheshimu kazi yangu, ila uso wake ulikuwa na furaha. Nilijua anachotaka kusema, na sikuwa na njia ya kumzuia. Askari wa zamu haondoki mahali pake.

"Bwana mkubwa," alimwambia afisa, "kijana huyu hakuja kwangu na baba. Nimefikiri sana. Anayemvika ni wewe, anayemlisha ni wewe, na akienda popote ametumwa na wewe. Basi baba yake ni wewe. Nimekuja tujuane, kwa maana tumekuwa jamaa."

Bwana afisa hakuwa mtu mkali. Aliinuka, akampokea jogoo kwa mikono yake, akashukuru. Kisha akanitazama, akamgeukia mzee tena, akamuuliza kwa upole, nikiamriwa nimkamate yeye, nitamkamata?

"Atanikamata," mzee alijibu, "nami nitamfuata, maana ni mwanangu."

"Na ukimwambia akuachilie?"

Mzee alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata watoto wanalijua. "Ataachaje kuniachilia, bwana? Nimempa mtoto wangu."

Alidhani ananisifu. Sajini, aliyesimama nyuma ya kiti cha afisa, alitazama sakafu. Afisa alitikisa kichwa taratibu, wala hakunikasirikia. Aliniambia siku hiyo hiyo kwamba nitaondoka na kundi linalohamia kituo cha bara, mbali na kwetu pia.

Niliomba mke wangu aandikwe, asafiri nami. Jibu lilikuwa kwamba ndoa isiyoombewa ruhusa haipo. Muda wangu wa kazi ulikuwa haujaisha, na kutoroka ni jela. Nilipompelekea mke wangu habari hizi, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi si mke?"

Nikamwambia ni mke wangu.

"Wako wewe," alisema, "au wa yule wa nje?"

Nilitoka nikaitwaa kofia yangu mtini. Mwaka Vita Vikuu vilipoanza, nikiwa tayari bara, nilisikia kwa wasafiri kwamba askari wametumwa kwenye vijiji vile vya Wagiriama kwa bunduki na moto. Nikakumbuka swali la bwana afisa, nikaona halikuwa la bure. Mpaka leo siwezi kusema kanuni ile ni mbaya. Najua tu iliangukia wapi.

Siku ya kuondoka tulijipanga mbele ya boma asubuhi, mizigo mgongoni. Mzee alikuwa amekwisha kufika, amesimama karibu na lango na binti yake nyuma yake. Safari hii alikuwa na vibuyu viwili na beberu mkubwa mwenye kamba shingoni. Askari wa lango hakumruhusu kuingia, kwa kuwa haikuwa siku ya baraza. Nilimsikia akimweleza kwa subira kwamba amekuja kwa bwana mkubwa. Zawadi ya kwanza ilikuwa ndogo, jamaa yake amekasirika na ana haki, leo ameleta inayostahili.

Sajini alitoa amri, macho mbele, tukaanza kwenda. Njia ilipita karibu nao kabisa. Mzee aliniambia nisiwe na wasiwasi, atalitengeneza, nitarudi. Mke wangu aliitazama kofia yangu, kisha akaishika kamba ya beberu kumpunguzia baba yake mzigo, nasi tukaupita mji kuelekea Kilifi.