Shuka Lenye Fundo

Shangazi yangu amefua mashuka katika jengo lilelile tangu akiwa msichana. Kwanza lilikuwa hospitali ya jiji, sasa ni hoteli. Mapokezi yako palipokuwa chumba cha majeruhi. Chumba cha maiti kimekuwa ukumbi wa mazoezi, ambako watu wazima na akili zao hukimbia hadi wakalowa jasho, wasifike popote. Mimi jambo hilo hunikera. Chumba cha kufulia kiko palepale chini, naye shangazi yuko palepale.

Enzi za hospitali, mgonjwa akifariki, wauguzi walifunga fundo kwenye ncha ya shuka lake kabla ya kulishusha, ili madobi walichemshe peke yake. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Unafungua fundo, unatia shuka kwenye pipa la maji ya moto, unaendelea na mengine.

Mume wa shangazi alilazwa wodi ya juu. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamechakaa mno, kwa hiyo alimpelekea la nyumbani, lenye pindo la buluu aliloshona mwenyewe. Asubuhi moja likashuka na fundo. Alilifungua. Akalichemsha, akalisuuza, akalianika, akamaliza rundo lililobaki, ndipo akavua aproni akapanda juu. Kitandani alimkuta mgonjwa mwingine.

Binti yake hakumsamehe. "Ulimaliza kufua kwanza, mama," alimwambia siku ya mazishi, mbele ya watu. Tangu hapo wanaongea habari za chumvi na sabuni tu. Shangazi hakulia siku ile wala baadaye. Nikimuuliza hunijibu, "Mikono ilikuwa inafanya kazi. Mimi sikuwepo." Namwamini, lakini kuna siku natamani kumshika mabega nimtikise.

Mwaka huu binti akapata kazi hapohapo hotelini, kutandika vitanda ghorofa ya juu. Mama chini, mwana juu, na salamu zao ni mashuka machafu. Juzi nilimpelekea shangazi dawa yake ya presha, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kumsubiri apumzike, kitu asichokijua. Gunia la ghorofa ya juu likashuka. Akavuta shuka la kwanza. Lilikuwa na fundo kwenye ncha.

Hakulifungua. Mashine ilikuwa inajaa maji, akaiacha. Huyu mwenye magoti mabovu, anayenituma hata glasi ya maji, alipanda ngazi mbio, shuka likifagia nyuma yake.

"Shangazi, taratibu! Utaanguka!"

Hata hakugeuka. Nikamfuata; tulimkuta binti katika chumba cha mgeni, anapangusa kioo.

"Mama? Kuna nini?"

"Nani kafunga hili?"

"Mimi. Mgeni kamwaga kahawa, nikaona niweke alama lisichanganywe na…" Mkono ukaenda mdomoni.

Shangazi alimpapasa mashavu, mabega, mikono yote miwili, kama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

"Mzima wewe?"

"Mzima, mama. Nisamehe, sikufikiri." Akaliangalia lile shuka, bado kavu, bado na doa lake. "Na kazi yako huko chini?"

"Sijafua," shangazi alisema, akihema. "Nimekuja kwanza."

Binti akamkalisha kwenye kitanda cha mgeni, akamfungua aproni.